Diski Mpya, Mpaka wa Zamani

Kunakili diski nzima ya kompyuta kwenye diski nyingine, kazi ambayo mafundi wengi huiita kukloni, ni njia inayotumika sana pale diski ya zamani inapojaa au inapoanza kuonyesha dalili za kuchoka, kwa kuwa humwezesha mwenye kompyuta kuhamisha mfumo endeshi, programu na mafaili yake yote kwa mkupuo mmoja bila kulazimika kusakinisha chochote upya. Kazi hiyo ikishakamilika na diski mpya kufungwa ndani ya mashine, kompyuta huwaka kama kawaida na mafaili yote huonekana mahali pake. Lakini programu ya kugawa diski inapofunguliwa ili nafasi iliyoongezeka ianze kutumika, hujitokeza onyo lisilotarajiwa, linalosema kwamba jedwali la patisheni halilingani na ukubwa wa diski, au kwamba nakala ya akiba ya jedwali hilo haipo mwisho wa diski, au kwamba kuna mamilioni ya sekta zisizotumika. Wengi hulisoma onyo hilo kama taarifa ya kuharibika kwa data, ilhali mara nyingi maana yake ni kinyume kabisa, kwa sababu linatokea pale ambapo nakala imefanyika kwa uaminifu kamili, ikabeba hata yale maelezo ambayo hayakupaswa kubaki kama yalivyokuwa.

Diski, iwe ile ya sahani zinazozunguka au ile ya SSD isiyo na kitu kinachosogea ndani yake, hujitambulisha kwa kompyuta kama safu ndefu ya vipande vyenye ukubwa sawa vinavyoitwa sekta, kila kimoja kikiwa na namba yake kuanzia sifuri, na kwa desturi iliyodumu miongo mingi sekta moja hubeba baiti 512. Patisheni ni mfululizo wa sekta uliotengwa kwa matumizi fulani, kama vile ule unaoonekana kwenye Windows kwa herufi C, na jedwali la patisheni ni rekodi fupi inayoeleza kila patisheni inaanzia sekta ya ngapi na kuishia ya ngapi. Rekodi hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na diski yenyewe, lakini ikipotea, data yote hubaki pale pale huku kompyuta ikiwa haina tena njia ya kujua ni nini kimeanzia wapi.

Majedwali yanayotumika leo ni ya aina mbili. La kwanza, MBR, lilikuja na mfumo endeshi wa PC DOS 2.0 mwaka 1983, wakati IBM ilipoanza kuuza kompyuta ndogo zenye diski ngumu ndani yake, na hukaa lote katika sekta namba sifuri, ambamo mna nafasi nne tu za kuelezea patisheni, kila moja ikiwa na baiti 16. Kwa kuwa MBR huandika namba za sekta kwa biti 32, haliwezi kuhesabu zaidi ya sekta 4,294,967,296, sawa na takriban terabaiti 2.2, kiwango ambacho mwaka 1983 hakuna aliyekuwa na sababu ya kukihofia. La pili, GPT, lilibuniwa na kampuni ya Intel mwishoni mwa miaka ya 1990 kama sehemu ya mpango wake wa kubadilisha namna kompyuta zinavyowashwa, mpango ambao tangu mwaka 2005 umekuwa chini ya jumuiya ya makampuni iitwayo UEFI Forum. Na kompyuta nyingi zilizouzwa tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012 hutumia jedwali hili. Namba zake za sekta zina biti 64, kwa hiyo ukomo huo wa terabaiti 2.2 haupo tena, na kwa kawaida lina nafasi za patisheni 128.

Tofauti iliyo muhimu zaidi hapa, hata hivyo, ni kwamba GPT huandikwa mara mbili katika diski moja. Sekta ya sifuri hubakiwa na MBR ya kinga, yaani rekodi ya mtindo wa zamani yenye kazi moja tu ya kuziambia programu zisizoifahamu GPT kwamba diski hii haiko tupu, zisije zikamshawishi mtumiaji aifomati. Sekta namba 1 hubeba kichwa cha jedwali, na sekta 32 zinazofuata, kuanzia ya 2 hadi ya 33, hubeba orodha ya patisheni. Kisha mwisho kabisa wa diski, katika sekta 33 za mwisho, huwekwa nakala ya akiba ya orodha hiyo pamoja na kichwa chake, ili mwanzo wa diski ukiharibiwa na virusi, na hitilafu ya umeme au na mkono wa fundi aliyeandika amri isiyo sahihi, jedwali liweze kurejeshwa kutoka upande wa pili. Kila kichwa hutaja mahali kilipo chenyewe, mahali alipo mwenzake, sekta ya kwanza na ya mwisho zinazoruhusiwa kutumiwa na patisheni, na namba mbili za uhakiki zinazokokotolewa kutokana na maudhui, moja ya kichwa na nyingine ya orodha, ili badiliko la hata biti moja litambulike.

Chukua mfano wa diski ya gigabaiti 500 inayonakiliwa kwenye ya terabaiti 1. Watengenezaji wa diski wamekubaliana juu ya hesabu ya sekta kwa kila ukubwa unaotangazwa, kwa hiyo ya kwanza huwa na sekta 976,773,168 na ya pili 1,953,525,168. Programu inayonakili sekta kwa sekta, kama ilivyo dd, chombo cha Unix kilichopo tangu miaka ya 1970 na ambacho hakiulizi wala hakifikirii, huchukua sekta ya sifuri na kuiweka kwenye sifuri, ya kwanza kwenye ya kwanza, hadi ile yenye namba 976,773,167, kisha husimama. Nakala ya akiba ya jedwali, ambayo katika diski ya zamani ilikuwa mwishoni, sasa imeangukia karibu na katikati ya diski mpya, na nyuma yake kuna sekta 976,752,000 ambazo jedwali halizijui. Ni sawa na hati ya kiwanja iliyonakiliwa neno kwa neno na kupewa mwenye kiwanja kikubwa mara mbili: maandishi hayana kosa hata moja, ila jiwe la mpaka linalotajwa ndani yake limebaki katikati ya uwanja.

Hivyo kuna kauli tatu zilizokuwa kweli kwenye diski ya zamani na ambazo si kweli tena kwenye mpya. Kichwa cha mwanzo kinasema mwenzake yuko sekta ya 976,773,167, ilhali kwa kanuni alipaswa kuwa kwenye sekta ya mwisho, ambayo sasa ni 1,953,525,167. Kinasema sekta ya mwisho inayoruhusiwa ni 976,773,134, ilhali ingeweza kuwa 1,953,525,134. Na MBR ya kinga inatangaza ukubwa wa diski ya zamani. Namba za uhakiki haziwezi kuligundua hilo, kwa kuwa maudhui hayajabadilika hata kidogo, na kazi ya namba hizo ni kupima kama maandishi yameguswa, wala si kama bado yanaeleza hali halisi. Kinachogundua ni programu inayolinganisha jedwali na ukubwa ambao diski yenyewe inautangaza. Kiini cha Linux huandika katika kumbukumbu zake, wakati wa kuwaka, kwamba kichwa cha akiba hakiko mwisho wa diski, na huweka namba ya sekta kinapotajwa kuwapo na ile ya sekta ya mwisho ya diski ubavuni mwa alama ya kutolingana. Programu ya fdisk husema kwamba ukubwa ulioandikwa katika MBR ya kinga hauoani na diski na kwamba utasahihishwa pindi mabadiliko yatakapoandikwa. Na parted hueleza kuwa si nafasi yote inayotumika, hutaja sekta za ziada ni ngapi, kisha huuliza kama jedwali lirekebishwe au liachwe lilivyo. Msomaji atakayetoa namba moja katika nyingine na kupata tofauti inayolingana na ukubwa ulioongezeka, kama ilivyo katika mfano huu, atakuwa amejithibitishia chanzo cha onyo bila kumtegemea mtu; na kwa kweli ni jambo la kusikitisha kwamba waandishi wa programu hizo, waliozitengeneza kwa ustadi mkubwa, hawakuona haja ya kuongeza sentensi moja inayosema kuwa hali hii ni ya kawaida baada ya kukloni.

Kulipuuza onyo hakuharibu mafaili, na diski inaweza kutumika kwa miaka mingi ikiwa hivyo, lakini nusu yake haitafikika, kwa sababu programu nyingi za kugawa diski hazikubali kuunda wala kupanua patisheni kupita sekta ya mwisho iliyotajwa katika kichwa. Kukubali marekebisho, kwa upande mwingine, hakugusi data iliyomo ndani ya patisheni: programu huandika upya kichwa cha mwanzo kikiwa na namba mpya, huihamishia nakala ya akiba kwenye sekta 33 za mwisho wa diski halisi, na husahihisha MBR ya kinga, kazi ambayo yote kwa pamoja ni ya kilobaiti chache na humalizika kwa kufumba na kufumbua. Anayetumia gdisk, programu iliyoandikwa na Roderick W. Smith mahususi kwa ajili ya majedwali ya GPT, hupata amri hiyo katika menyu ya wataalamu kwa herufi e, na toleo lake la mstari wa amri, sgdisk, hufanya vivyo hivyo kwa alama ya -e.

Ipo sababu nyingine ya kutoahirisha, nayo haizungumzwi vya kutosha. Diski kubwa inayopokea nakala si lazima iwe imetoka kiwandani. Mara nyingi imewahi kutumika kuhifadhi picha, filamu au mafaili ya ofisi, na ilikuwa na jedwali lake lenyewe la GPT. Kukloni kutoka diski ya gigabaiti 500 hufuta nusu ya kwanza tu ya maisha hayo ya awali, na mwisho wa diski hubaki na nakala ya akiba ya jedwali la kale, iliyokaa mahali ambapo kanuni inataka ikae, na namba zake za uhakiki zikiwa sahihi. Diski hiyo sasa ina nakala mbili za akiba, moja ya kweli iliyo mahali pasipostahili na nyingine ya uongo iliyo mahali panapostahili. Maadamu kichwa cha mwanzo ni kizima, ile ya uongo haina madhara. Lakini siku kitakapoharibika, programu ya urejeshaji itakwenda moja kwa moja kwenye sekta ya mwisho, italikuta jedwali lenye kila dalili ya uhalali, na inaweza kupendekeza kurejesha patisheni ambazo zilikwisha kufutwa, huku zile zenye data hai zikiachwa nje. Kuihamisha nakala ya akiba kwenda mwisho wa diski hufuta mabaki hayo, kwa kuwa huandikwa juu yake.

Baada ya jedwali kusahihishwa, nafasi mpya bado haitaonekana ndani ya mfumo endeshi, na hapa ndipo wengi hudhani kuwa marekebisho yameshindikana. Jedwali sasa linakubali kuwa diski ni kubwa, ila patisheni yenyewe bado inaishia palepale ilipoishia, na ndani ya patisheni mna mfumo wa faili, yaani utaratibu wa kupanga majina na maudhui ya mafaili, kama vile NTFS ya Windows au ext4 ya Linux, ambao nao una rekodi yake ya ukubwa. Kwa hiyo patisheni hupanuliwa kwanza, kisha mfumo wa faili hufuata. Programu zenye madirisha na vitufe, kama GParted, hufanya hatua hizo mbili kwa pamoja, lakini anayetumia mstari wa amri hulazimika kuzifanya moja baada ya nyingine. Katika Windows kikwazo cha kawaida ni kwamba programu ya usimamizi wa diski iliyomo ndani yake hupanua patisheni kuelekea nafasi tupu inayoifuata mara moja upande wa kulia tu, na katika kompyuta nyingi baada ya patisheni ya C huwa kuna patisheni ndogo ya uokozi, inayotumiwa pale Windows inapogoma kuwaka, ambayo sasa imekaa katikati ya C na nafasi mpya kama mtu aliyeziba mlango. Matokeo yake ni kwamba chaguo la kupanua huonekana limefifia na halibonyezeki. Tiba ni kuisogeza patisheni hiyo ya uokozi hadi mwisho wa diski kwa programu nyingine, kazi inayohamisha data halisi, tofauti na ile ya kurekebisha jedwali, na ambayo haifai kuanzwa katika mtaa ambao umeme hukatika bila taarifa, isipokuwa kwenye kompyuta ya mkononi yenye betri iliyojaa.

Mtu anayefikia hapo akaona diski yake ya terabaiti 1 ikionyesha gigabaiti 931 asidhani kuwa kukloni kumekula sehemu ya nafasi. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti kuwa baiti bilioni moja, ilhali Windows huhesabu baiti 1,073,741,824, na kwa sababu hiyo hiyo diski ya gigabaiti 500 ilikuwa ikionyesha 465 tangu siku iliponunuliwa.

Diski zenye jedwali la zamani la MBR hazitoi onyo la nakala ya akiba, kwa kuwa hazina nakala hiyo, na wala hazitaji ukubwa wa diski nzima mahali popote, jambo linalozifanya zionekane tulivu zaidi. Utulivu huo una gharama pale diski mpya inapokuwa ya terabaiti 4, kwa sababu kila kilicho nje ya terabaiti 2.2 za kwanza hakitaweza kutumika mpaka jedwali ligeuzwe kuwa GPT, na katika Windows 10 kuanzia toleo la mwaka 2017 kuna chombo kiitwacho mbr2gpt kinachofanya ugeuzaji huo bila kufuta data, mradi kompyuta yenyewe iweze kuwaka kwa njia ya UEFI. Diski za MBR zilizogawanywa enzi za Windows XP zina onyo lao jingine, linalosema kwamba patisheni haianzii kwenye mpaka wa sekta halisi. Patisheni ya kwanza wakati huo ilianzia sekta ya 63, lakini diski nyingi zilizotengenezwa tangu mwaka 2011 hivi huandika kwa vipande vya baiti 4,096, sawa na sekta nane za kawaida, na kwa kuwa 63 haigawanyiki kwa nane, uandishi mmoja hulazimika kugusa vipande viwili na kasi hupungua. Tangu Windows Vista mwanzo umekuwa sekta ya 2,048, inayogawanyika vizuri. Onyo hili ni la mwendo, wala si la usalama.

Jambo jingine ambalo nakala hubeba bila kukusudiwa ni utambulisho. Kila diski na kila mfumo wa faili una namba ya pekee inayotumiwa na mfumo endeshi kuvitofautisha, na baada ya kukloni diski mbili huwa na namba ileile. Zikiunganishwa pamoja, Windows huiweka mojawapo nje ya matumizi na kueleza kuwa saini yake imegongana na ya diski nyingine. Mtumiaji akilazimisha irudi, Windows huipa saini mpya, na diski hiyo inaweza kushindwa kuwasha kompyuta baadaye kwa sababu rekodi za kuwasha bado zinaitafuta saini ya zamani. Katika Linux, patisheni inayotafutwa kwa namba yake inaweza kufunguliwa kutoka diski isiyokusudiwa, mtu akafanya kazi siku nzima kwenye nakala aliyodhani ameiacha, na mfumo wa faili wa btrfs unaweza hata kuharibika unapoona vifaa viwili vyenye utambulisho mmoja. Njia salama ni kuchomoa diski moja mara tu kukloni kunapokwisha, kabla ya kompyuta kuwashwa upya.

Yapo maonyo ambayo hayastahili kujibiwa kwa haraka. Programu inaposema kwamba kichwa cha mwanzo ndicho kilichoharibika, au kwamba diski haina jedwali lolote, tatizo si mpaka wa zamani tena. Wakati mwingine chanzo ni kasha la nje la USB lililotumika wakati wa kukloni: baadhi ya makasha huitangazia kompyuta sekta za baiti 4,096 badala ya 512, hivyo sekta namba 1 inayoonekana kupitia kasha siyo ile inayoonekana diski ikifungwa moja kwa moja ndani ya mashine, na jedwali lililoandikwa kwa hesabu moja halisomeki kwa hesabu nyingine. Diski ikirudishwa ndani ya kasha lilelile kila kitu hurejea, na anayekubali pendekezo la Windows la kuianzisha upya kabla ya kujaribu hivyo huandika jedwali tupu juu ya lile lililokuwa likifanya kazi.

Hali mbaya zaidi hutokea pale diski mpya inapodhaniwa kuwa kubwa au sawa na ya zamani kumbe ni ndogo, na soko la SSD limejaa mitego hiyo, kwa kuwa 480, 500 na 512 zote huuzwa kama ukubwa wa aina moja. Diski ya gigabaiti 480 ina sekta 937,703,088, pungufu ya ile ya 500 kwa sekta 39,070,080, yaani karibu gigabaiti 20. Kunakili sekta kwa sekta hukatikia njiani, nakala ya akiba haifiki kabisa, na patisheni ya mwisho hutajwa katika jedwali kuwa inaishia mahali ambapo hakuna diski. Hapa hakuna rekebisho la jedwali linaloweza kuzirudisha sekta ambazo hazikunakiliwa. Patisheni hupunguzwa kwanza kwenye diski ya zamani, ambayo kwa bahati bado ni nzima, kisha kukloni huanza upya.